Barua ya wazi: habari za wadudu zafika Roma, Kongowea hazifiki

Kwa Waziri wa Kilimo, kwa wakubwa wa KEPHIS, lile shirika la serikali la kukagua afya ya mimea, kwa gavana wetu na idara yake ya kilimo hapa Mombasa, na kwa kila anayepanda ndege kwenda kutuwakilisha kwenye mikutano ya afya ya mimea.

Salaam. Mimi ni muuza miche, kitalu changu kiko kando ya barabara huku Kisauni, nauza miembe ya kuunganishwa, mindimu, michungwa, mipapai, minazi, na boganvilia za wale wa Nyali ambao bei hawaulizi. Nimeamua kuandika hadharani manake barua za kupeleka afisini zina tabia ya kupigwa muhuri wa kupokelewa halafu basi, zalala. Nina jambo moja nataka mlisikie, ingawa nitalizunguka kidogo. Nyinyi na wenzenu wa nchi zingine mwapashana habari za wadudu na magonjwa ya mimea, tena kwa utaratibu mzuri tu, lakini hizo habari zikishafika hapa Mombasa zakomea geti la bandari na meza za afisi, sisi tunaoshika mimea kutwa kucha hatuzipati, na sisi ndo wa kwanza kumuona mdudu mgeni na ndo wa kwanza kumsambaza bila kujua.

Kwa wanaosoma na hawajui: kuna mkataba wa kimataifa wa kulinda mimea, ulipitishwa 1951 chini ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ukaanza kazi 1952, afisi yake iko Roma na nchi zaidi ya 180 zimo, Kenya ikiwemo. Jambo lenyewe ni la kale kushinda hapo, 1878 mataifa kadhaa ya Ulaya yalikaa kitako mjini Bern, Uswisi, wakatia saini makubaliano kwa ajili ya mdudu mmoja tu, filoksera, aliyevuka bahari kutoka Marekani akaingia kwenye mizizi ya mizabibu ya Ufaransa mpaka wenye mashamba wakafilisika. Siku hizi mkataba wataka kila nchi iseme wazi ikipata mdudu au ugonjwa mpya, iwe na afisi moja ya kuulizwa, itoe cheti cha afya kwa mimea inayotoka, na isizuie mali ya mwenzake kwa chuki za biashara ikasingizia wadudu. Kwetu kazi hiyo ni ya KEPHIS na wanaifanya, sina ugomvi hapo. FAO wenyewe wakadiria mpaka asilimia 40 ya mazao ya dunia yapotea kila mwaka kwa wadudu na magonjwa, kwa hiyo hakuna anayecheza.

Sasa hebu tuje nyumbani, tuanze na nzi wa embe.

2003 watafiti wa ICIPE, kile kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, walimpata hapa Pwani nzi wa matunda ambaye hakuwa wa kwetu, wa asili ya Asia, na ndo mara ya kwanza aonekane Afrika nzima. Hapa hapa, Pwani ya Kenya. Muda si muda akaripotiwa Tanzania, Uganda, Afrika Magharibi, sasa amejaa karibu kila pahali kusini mwa Sahara. Wenye kula embe mnamjua hata kama jina hamlijui, wanunua ngowe zuri la kunukia wafika nyumbani walikata, ndani funza wacheza ngoma. Jike latoboa ganda latia mayai, nje hapaonekani kitu ila alama ndogo, na funza akishakuwa ndani dawa ya kupuliza haimfikii. 2014 Kenya ikaamua yenyewe kusimamisha kupeleka embe Ulaya, na waloamua hivyo nawaelewa, afadhali ujifungie kuliko ufungiwe, lakini mlango ule haukufunguka tena mpaka 2021. Miaka saba hiyo! Na ulipofunguka, habari kubwa ilikuwa ni Makueni na eneo lao la kupunguza nzi, mitego imetundikwa, maembe yaloanguka yaokotwa. Hongera kwao, sina wivu (ninao kidogo). Lakini mdudu alibisha hodi kwetu kwanza, na mpaka leo nikimuuliza mwenye miembe ya Kisauni au Mtwapa kama anajua kuwa embe lililooza chini ya mti ndo kiwanda cha nzi wa msimu ujao, aniangalia kama namtolea kisomo kipya. Hilo ni jambo la kumwambia mtu dakika mbili, okota, chimba shimo la futi mbili, fukia, basi. Ila lafaa lifanywe na mtaa mzima, manake ukisafisha wewe na jirani hasafishi nzi wake watakuja kwako kunywa chai.

Huwa najiuliza, mwaka ule 2003 lau mabango yenye picha ya yule nzi yangebandikwa kwenye masoko ya Kongowea na Marikiti, wachuuzi wakaambiwa mkiona huyu pigeni simu namba hii, mambo yangekuwaje. Huenda angeenea tu, ana mbawa. Lakini tungalijua mapema, na mwenye shamba hangalipoteza misimu miwili mitatu akidhani ni uchawi wa jirani.

La pili lanikera zaidi kwa sababu lahusu kitu kilichofanywa vizuri kikakosa kusemwa.

Mipapai yetu ilivamiwa na mdudu mweupe wa ungaunga, majani yakunjamana, papai lavishwa kanzu nyeupe, chini yatiririka utomvu mtamu mpaka sisimizi wahamia na ukungu mweusi wafuata. Aliripotiwa Kenya 2016, asili yake Meksiko na nchi za jirani yake. Na hali papai peke yake, apanda kwenye muhogo, biringani, mpaka kwenye zile maua za haibiskasi za hoteli. Watu wakakimbilia maduka ya dawa, na muuza dawa atakwambia nini, atakuuzia. Mdudu yule ana nta mwilini, dawa nyingi zateleza juu yake, wapuliza leo wiki ijayo yuko, wapuliza tena kali zaidi, mwisho waua nyuki na vijidudu vyote vilivyokuwa vyamla yeye abaki amestarehe.

Kumbe dawa yake ipo na haiuzwi dukani. Ni nyigu mdogo mno, hashindi tundu ya sindano, ataga yai ndani ya huyo mdudu na mtoto wake amla kwa ndani. India walimtumia 2010, waliletewa kutoka Puerto Rico kwa msaada wa Wamarekani, mapapai yakapona. Ghana nao walimtumia. Na Kenya tukaletewa kutoka huko huko Ghana, watu wa CABI (shirika la kimataifa la kilimo), KALRO (taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kenya) na KEPHIS wakashirikiana, akafugwa, akaachiliwa mashambani. Mwaona ushirikiano ulivyo mzuri? Mdudu wa Meksiko, nyigu wake apitia Ghana, aja kuokoa papai la mkulima wa Kenya, na hakuna aliyelipia chupa hata moja ya dawa. Lakini swali langu liko hapa, mkulima asiyejua kuwa nyigu ameachiliwa atafanyaje? Atapuliza! Atamuua nyigu asubuhi hiyo hiyo, na akimuua hajui amemuua nani. Mimi mwenyewe mwenye kitalu nililijua jambo hili kwa kusikia tu kwa kijana wa chuo aliyekuja kununua miche, hakuna afisi iliyonitumia hata meseji, na mimi mipapai nauza! Nilipokwenda kuuliza kwenye afisi moja hapa mjini nikaambiwa niandike barua pepe kwa afisi ingine, nikaandika, nangoja. Ni kama mtu aone moshi juu ya paa lako, badala ya kukugongea mlango aende kumuandikia mwenye bima.

Na msiseme wakulima hawawezi kuelewa habari za nyigu. Wazee wetu wa minazi wajua siku nyingi kwamba mnazi wenye maji moto, wale siafu wekundu wanaoshona majani, wazaa nazi nyingi, manake maji moto wamfukuza yule kunguni anayefyonza nazi changa zikadondoka. Mzee asiyejua kusoma akueleza hayo huku ajikuna. Mueleze na nyigu, atakuelewa.

Tena mambo haya yana historia. Miaka ya 70 muhogo wa Afrika ulishambuliwa na mdudu mwingine wa ungaunga, aliingia Kongo akitoka Amerika ya Kusini, akasambaa nchi baada ya nchi, muhogo ukawa vijiti vitupu na watu wakaanza kuona njaa. Mtafiti Hans Herren na wenzake wa IITA, taasisi ya kilimo cha nchi za joto kule Nigeria, wakafuata asili yake, nyigu wa kumdhibiti akapatikana Paraguay 1981, akapitishwa Uingereza kukaguliwa asije na balaa lingine, halafu Nigeria akafugwa, akaachiliwa katika nchi nyingi za Afrika, wengine kwa ndege. Herren akapewa Tuzo ya Chakula Duniani 1995, na wakati huo ashakuwa mkuu wa ICIPE hapo Nairobi, akakaa miaka. Ule muhogo wa kuchoma unaoula pale Laitihausi jioni na pilipili na ndimu, una deni la Paraguay, walahi.

Tuingie kwenye mizigo ya abiria, hapa naomba wa uwanja wa ndege wa Moi wanisikilize.

Mombasa ni mji wa watu wenye jamaa ng'ambo. Huyu ana dada Mumbai, huyu ana wajomba Hadhramaut, mwingine mtoto wake yuko Muscat, mwingine kwao Ngazija au Unguja. Na mtu akirudi safari hakosi kijiti. Siku moja mama mmoja mtu mzima, mwenye heshima zake, alinijia na kijiti kimefungwa gazeti bichi ndani ya mfuko.

"Mwanangu, nioteshee hiki, jani la mchuzi la kwao hasa, sio haya ya huku."

"Mama, kina kibali?"

"Kibali cha jani la mchuzi?"

Nilicheka na yeye akacheka, lakini sikukipokea, akaenda zake amenuna na najua alikipanda uani kwake. Sasa kwa nini nilikataa. Huo mti wa majani ya kari ni mmoja katika miti anayopenda kukaa yule mdudu mdogo wa Asia anayebeba ugonjwa wa kijani wa michungwa. Ugonjwa huo ukishaingia mti, hauna dawa. Chungwa labaki dogo, limepinda, chungu, mti wafa polepole, na kibaya zaidi mche waweza kuwa nao muda mrefu uonekane mzima wauzwa na kununuliwa. Florida, Marekani, waliugundua 2005, na tangu hapo mavuno yao ya machungwa yameshuka zaidi ya thuluthi mbili, na wao wana pesa na maabara za kila aina. Yule mdudu mwenyewe ameshaonekana Tanzania na Kenya miaka hii ya karibuni, na yeye apenda joto la huku chini. Machungwa mengi ya Kongowea yatoka Muheza, huko huko Tanzania. Mnaona hesabu inavyokuja?

Na mwingine ni yule fukusi mwekundu wa mitende. Aliingia nchi za Ghuba miaka ya 80, akitokea upande wa India, akasafirishwa shamba kwa shamba ndani ya miche, akavuka mpaka Misri na Ulaya. Yeye akaa ndani ya shina, ala kwa ndani, ukimjua mti ushakwisha. Mtende au mnazi kwake ni sawa tu. Siku hizi watu wapenda kupanda mitende kwenye hoteli na nyumba mpya, kila mtu ataka ua lake lifanane na Dubai, na mimi waja kuniuliza kama naweza kuwapatia machipukizi kutoka huko. Siwezi na sitaki, minazi ya Pwani ishateswa ya kutosha na mdudu chonga, na majirani zetu Tanzania na Msumbiji wana ule ugonjwa wa fitoplazma (vijidudu kama bakteria) wa kuua minazi, kule Zambezia, Msumbiji, mashamba yamebaki magogo yamesimama bila vichwa.

Sheria ipo najua. Mmea wowote kuingia nchini wataka kibali cha KEPHIS kabla haujaondoka kwao, na cheti cha afya kutoka huko utokako. Lakini mama yule hakuwa mhalifu, hakuwahi kusikia. Pale wanapotokea abiria wekeni bango kubwa la Kiswahili, na Kiarabu na Kigujarati pia mkiweza, lenye picha ya chungwa lililopinda na mnazi uliokatika kichwa, na chini yake sanduku la kutia vijiti bila kuulizwa jina wala kutishwa. Mtu akijua atashikwa ataficha ndani ya buibui au ndani ya kopo la halua, akijua hatashikwa atatia sandukuni, hivyo ndivyo watu walivyo.

Mbao za paleti nazo. Pale Changamwe na Magongo kuna mafundi hodari, wanunua paleti na mbao za makreti yaliyokuja na meli wafanya vitanda, makochi ya baraza, rafu za maduka. Mimi mwenyewe meza zangu za kitaluni ni paleti. Kimataifa kuna kanuni ya hizi mbao, ilipitishwa 2002: mbao za kufungia mizigo zipashwe moto mpaka katikati ya ubao ifike digrii 56 kwa dakika 30, ama zitiwe gesi, halafu zipigwe chapa yenye shuke la ngano, herufi za nchi na alama ya njia iliyotumika. Paleti nyingi mtaziona na hiyo chapa ya HT, yaani zimepashwa moto. Kisa cha kanuni hii ni kama yule mdudu wa Asia mwenye pembe ndefu, alosafiri ndani ya mbao za mizigo akagunduliwa Brooklyn, New York, 1996, miti maelfu kwa maelfu ikakatwa. Na 2008 alipotokea Worcester, jimbo la Massachusetts, aliyemuona kwanza hakuwa mtaalamu wala afisa, alikuwa mwananchi tu uani kwake, akaona mdudu hamuelewi akapiga simu. Hapo ndo nataka mtue. Fundi wa Changamwe apasua mbao za nchi kumi kwa wiki, kama kuna mtu Kenya hii atakayekuta tundu jipya na ungaunga wa mbao wamwagika ni yeye, lakini hakuna aliyemfundisha kusoma ile chapa, hakuna aliyemwambia ubao usio na chapa autenge, na hana namba ya kupiga. Mpeni. Ni semina ya asubuhi moja na soda.

Na tusisahau kuwa mizigo ya Kilindini haiishi kwetu, kontena zapanda reli na malori kwenda Uganda, Rwanda, Sudan Kusini, Kongo. Kitakachotuponyoka hapa kitashukia Kampala. Yule dumuzi mkubwa wa mahindi aliyetoka Amerika ya Kati alionekana Tanzania kwanza, 1983 akawa Taveta, na kutoka hapo mwenye ghala yeyote anajua kilichofuata, gunia la mahindi lageuka unga kabla ya kwenda kinuni.

Upande wa Lunga Lunga, mpakani na Tanzania, nitasema kwa upole kwa sababu pale kuna undugu. Wadigo wako Kwale na wako Tanga, watu waoana, wazikana, na mtu akitoka msibani abeba mbegu ya muhogo aloona kwa shemeji yake wazaa vizuri. Ule ugonjwa wa michirizi ya kahawia ndo hivyo husafiri, pamoja na nzi weupe. Majani yaweza kuwa mazuri, wang'oa wakuta ndani umeoza kahawia, hauliki. Uliandikwa mara ya kwanza na mtafiti Storey kule Amani, Tanganyika, 1936, na hapo hapo Amani wakaanza kuzalisha muhogo wa kuustahimili. Mmoja katika mihogo iliyotoka kwenye kazi ile bado uko Pwani yetu mpaka leo, Kaleso, na Watanzania wanao, wao wauita Namikonga. Kwa hiyo msinijie na habari ya vizuizi barabarani kumpokonya bibi kizee vijiti vyake, atapita njia ya panya. Mpeni mbegu safi iliyokaguliwa, nyingi, karibu, kwa bei ya chini au bure, kaunti za Kwale, Mombasa, Kilifi na wenzetu wa Tanga wapange pamoja, waitane mara kwa mara, na mkulima ataacha mwenyewe ile ya msibani.

Ya nzige sitayasema sana, yalionekana na kila mtu. Tufani za 2018 zilinyeshea jangwa la Rub' al-Khali kule Arabuni, nzige wakazaliana huko, Yemen ilikuwa vitani hakuna wa kuwapuliza, wakavuka Pembe ya Afrika, mwisho wa Disemba 2019 wakaingia Mandera. Lile shirika la nzige la Afrika Mashariki lipo tangu 1962 na ndege zake, FAO wakaja, pesa zikapatikana. Nzige ana bahati, anaonekana angani na kamera zampenda. Ule ugonjwa mpya wa kunyausha migomba uliothibitishwa Msumbiji 2013, TR4, husafiri kwenye udongo wa kiatu na hauna kamera, ukishaingia shamba ule udongo ni wake miaka na miaka. Majahazi yaja Bandari ya Kale, manahodha wazijua bandari za kusini kuliko mimi na nyinyi. Kuna aliyekaa nao?

Sasa wa kaunti. Katiba, Jedwali la Nne, imesema wazi kuwa kudhibiti magonjwa ya mimea na mifugo ni kazi ya kaunti. Bandari, uwanja wa ndege, mikataba ya nje, ni ya serikali kuu. Kwa hiyo mdudu akiwa ndani ya kontena ni wa Nairobi, akitoka nje ya geti akiruka mpaka kwenye mwembe wa Mikindani ni wa gavana, na katikati ya hapo ni wa nani? Najua mtaniambia kuna uratibu. Uratibu huo uandikwe kwenye ukurasa mmoja, Kiswahili, uwe na namba moja ya simu na ya WhatsApp ambayo mtu akituma picha ya jani apata jibu kabla jani halijakauka, na jibu hata likiwa "hatujui bado, usihamishe mche wowote" latosha kabisa. Mombasa watu wasema hakuna mashamba kwa hiyo kilimo si kitu, lakini soko la jumla la Pwani ni Kongowea, na vitalu vya barabarani kama changu vyauza miche inayokwenda mpaka Malindi, Lamu na Voi. Mtu akitaka kueneza ugonjwa Pwani nzima kwa mwezi mmoja hahitaji shamba, ahitaji kitalu kimoja chenye wateja.

Na kwa sababu hiyo nasema na hili, ingawa wenzangu wa vitalu watanirushia matope: tukagueni. Vitalu vya miche ya matunda vyatakiwa visajiliwe na vikaguliwe, lakini wengi wa kando ya barabara hawajui waende wapi waanze vipi, wengine waogopa kuwa kukaguliwa ni kufungwa au kutoa kitu kidogo. Tupangieni siku, njooni mtaa kwa mtaa, mwenye kasoro mumpe muda arekebishe, mwenye miche safi mumpe kibandiko atundike mbele. Mimi nitalipa ada kama si ya kunyonga. Mteja akizoea kuuliza kibandiko, kazi yenu nusu imekwisha.

Zile ripoti mnazotuma Roma kwamba kumepatikana mdudu fulani mahali fulani, nakala yake kwa Kiswahili chepesi, na picha, iletwe pia kwenye redio zetu za Pwani, kwa wenyeviti wa masoko, kwa vikundi vya mafundi, kwa maimamu na mapadri wakitaka, kwenye magrupu yetu ya WhatsApp ya vitalu ambayo saa hii yamejaa matangazo ya mbolea za miujiza. Siku hiyo hiyo, isingoje ripoti ya mwaka.

Tarehe 12 Mei ni Siku ya Kimataifa ya Afya ya Mimea, Umoja wa Mataifa uliitangaza 2022 baada ya Zambia kuipigania, nchi ya Kiafrika kama sisi. Mwakani mkiiadhimisha Mombasa, naomba isiwe kwenye ukumbi wa hoteli wenye baridi na fulana za bure. Njooni Kongowea. Njooni alfajiri, manake saa mbili wa jumla washamaliza na mtawakuta wafagiaji tu, alfajiri ndo malori ya machungwa na embe yashusha mizigo na wenye mikokoteni wapigana nafasi. Leteni wakaguzi wawili watatu na darubini za mkono, picha kubwa, na mtu anayejua kuongea bila karatasi. Mimi nitaleta miche yangu kumi nusu yake ina shida, niwaone kama mtaitambua, na yule mama wa jani la mchuzi nitajaribu kumtafuta aje, ingawa kaninunia.

Wenu,
Mwenye kitalu, Kisauni, Mombasa